KARANI NA KULI: VYAMA VYA WAZEE WETU WA TANGA



Msafiri atokaye Tanga mjini kwa njia ya Pangani, akisha kwenda kiasi cha kilometa 17, hufika Tongoni. Wengi wetu tulipelekwa huko tukiwa wanafunzi, tukapanga mstari, tukahesabu makaburi, tukarudi shuleni na kuandika insha. Mimi sikuhitaji kupelekwa, maana Tongoni ndiko kwetu. Nimecheza kombolela kati ya nguzo zile kabla sijajua kusoma, na nimepigwa na babu kwa kosa la kupanda juu ya ukuta wa kaburi.

Makaburi yale yapata arobaini, na zaidi ya ishirini kati yake yalikuwa na nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani nzima ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo yaliyokusanyika pamoja kama pale. Wataalamu wanakadiria kuwa mji ule ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, wakati ulipojulikana kwa jina la Mtang'ata. Vasco da Gama alipita huko mwaka 1498, na aliporudi mwaka 1499 aliichoma moto merikebu yake mojawapo karibu na hapo kwa kuwa hakuwa tena na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Katika nguzo nyingine yalipachikwa mabakuli ya kigeni yaliyoletwa na biashara ya bahari, ambayo sasa yamebaki matundu tu.

Nimeanza na makaburi kwa sababu. Kamati iliniomba niandike historia ya vyama vya udugu vya zamani katika sehemu zetu. Nilipoanza kuuliza wazee na kusoma vitabu, niliona kuwa habari za vyama hivi, kila nilipozifuata, zilinifikisha kwenye swali moja: nani atamzika nani? Ndilo swali lililoikabili kamati yetu mwaka jana, nami nilikuwa mmoja wa waliolijibu. Nitalirudia mwishoni.

BENI: JESHI LISILO NA BUNDUKI

Chama cha kwanza ninachotaka kukitaja hakikuwa na ofisi wala muhuri. Kilikuwa ngoma. Vijana wa leo wakisikia neno "ngoma" hufikiria burudani ya arusi au ya sherehe za Serikali. Beni ilikuwa zaidi ya hayo. Jina lenyewe latokana na "band" ya Kiingereza, yaani bendi ya matarumbeta. Ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, wakati watu walipoziona bendi za manowari na za majeshi ya Wazungu zikipita barabarani. Wakazitazama, wakazichukua, wakazifanya zao.

Kila mji ulikuwa na pande mbili, kwa kuwa ngoma ya Kiswahili bila mshindani hainogi. Huko Mombasa walikuwapo Kingi na Scotchi. Katika nchi yetu, wakati wa utawala wa Wajerumani, pande mbili zilijulikana kwa majina ya Marini na Arinoti. Marini walijiona watu bora: makarani, walimu, watoto wa mjini wenye ukoo unaojulikana. Arinoti wengi wao walikuwa wafanyakazi na wageni waliotoka bara kutafuta riziki. Walishindana kwa sare, kwa gwaride, kwa nyimbo za kufumbana, na hasa kwa karamu. Upande mmoja ukichinja ng'ombe mmoja, wa pili ulichinja wawili, hata kama iliwabidi kukopa.

Kilichowashangaza maofisa wa Kizungu ni vyeo. Ndani ya beni alikuwapo Kingi, walikuwapo majenerali, makanali, makapteni na madaktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Amri zilitolewa, saluti zilipigwa, na aliyekosa alitozwa faini. Baadhi ya Wazungu walicheka wakisema Waafrika wanawaiga kama kasuku. Wengine waliogopa. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, maofisa wa Kiingereza waliichunguza beni wakidhani kuwa nyuma ya matarumbeta kuna siri ya siasa. Hata mwaka 1935, baada ya mgomo wa wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, tume ya uchunguzi iliulizia habari za chama cha "Mbeni", kwa kuwa ngoma hii ilikwisha kufika huko ikichukuliwa na askari na wapagazi waliorejea kutoka vitani.

Wote wawili, waliocheka na walioogopa, hawakuliona jambo lenyewe. Mtu aliyetoka Tabora kuja Tanga kutafuta kazi hakuwa na baba hapa, wala mjomba, wala shamba. Lakini kama alikuwa Arinoti wa Tabora, alikuwa Arinoti wa Tanga. Aliuliza nyumba ya viongozi, akapewa mahali pa kulala na chakula cha siku za kwanza. Akiugua, aliuguzwa. Akifa, alizikwa kama mtu mwenye kwao. Cheo cha Jenerali kilikuwa cha mchezo, lakini sanda ilikuwa ya kweli.

KULI WA TONGONI

Hapa naomba radhi kutaja habari za nyumbani, maana bila hizo nisingekuwa na la kuandika.

Baba yake babu yangu alikuwa kuli katika bandari ya Tanga. Bandari yetu, kama mjuavyo, meli kubwa hazikuwa zikifunga gatini. Zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ikapakuliwa kwa matishari. Kazi ya kuli ilikuwa kubeba marobota ya katani kuyaingiza katika tishari. Kwa ukoo wake wa Tongoni angeweza kudai nafasi katika Marini, lakini kwa kazi yake alikuwa mtu wa Arinoti, nao wakampa cheo cha kapteni. Kifimbo chake cha ukapteni nilikiona kwa macho yangu. Babu alikitunza juu ya kabati pamoja na msahafu, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa.

Alifariki mjini mwaka 1935, babu akiwa mtoto wa miaka kumi. Babu alinisimulia habari hii mara nyingi, na hakuwa akiibadili. Mkewe alikuwa Tongoni na hakuwa na hata senti moja ya sanda. Kabla ya adhuhuri Arinoti walikwisha kununua sanda, ubani na mbao, wakatafuta mashua, wakamleta nyumbani kwa bahari. Waliombeba kutoka ufukweni walikuwa Mdigo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mzigua, watu ambao mama yake babu hakupata kuwaona maishani mwake. Nao walimwita "shemeji".

Siku ya tatu, wakati wa hitima, kikaja kitu ambacho hakuna aliyekitazamia. Marini, yaani wapinzani ambao marehemu aliwaimbia mafumbo makali miaka mingi, walituma watu watatu na gunia la mchele. Mmoja wao alikuwa karani wa Serikali, mtu wa koti na tai. Baada ya kula alimwuliza mjane kama marehemu alikuwa akidai mshahara wowote. Mjane akasema alikuwa akidai wa majuma mawili, lakini yeye hajui aende wapi wala amwambie nani. Yule karani akatoa karatasi mfukoni, akaandika barua hapo hapo juu ya goti lake, kwa Kiingereza, akaenda nayo mjini mwenyewe. Majuma matatu baadaye fedha zilifika Tongoni. Hakuchukua hata thumni.

Babu alikuwa akimaliza hadithi hii kwa maneno yale yale: "Karani yule hakuwa wa kwetu kwa ukoo, wala wa kwetu kwa ngoma. Alikuwa na kalamu tu."

CHAMA CHA MAKARANI

Yule karani jina lake halikuhifadhiwa katika nyumba yetu. Lakini kundi la watu wa namna yake linajulikana vizuri katika historia, na chama chao kilizaliwa hapa hapa Tanga.

Tarehe 24 Machi, 1922, watumishi wa Serikali wa Kiafrika walianzisha mjini Tanga chama kilichoitwa Tanganyika Territory African Civil Services Association. Mwanzilishi wake alikuwa Bwana Martin Kayamba. Huyu alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, katika ukoo wa Kilindi wa Bonde, akasoma katika shule ya misheni ya Kiungani. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walimkamata kwa kumshuku kuwa mtu wa Waingereza. Alifungwa Tabora hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo mwezi Septemba, 1916. Baadaye aliingia katika kazi ya Serikali mpya hapa Tanga, akapanda hadi kuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya.

Yafaa kukumbuka hali ya Tanga wakati huo. Walikuwapo wasomi wa aina mbili. Aina ya kwanza ni waliosoma shule ya Serikali ya Wajerumani hapa Tanga, wengi wao Waislamu wa pwani. Shule hiyo ndiyo iliyopiga chapa gazeti la Kiswahili la Kiongozi kuanzia mwaka 1904. Aina ya pili ni Wakristo waliosoma misheni, Kiungani na Magila. Hawa walivaa tofauti, wakasali tofauti, na wakati wa vita wengine walikuwa upande wa mkamataji na wengine upande wa mkamatwa. Kuwaketisha katika chumba kimoja, miaka michache tu baada ya vita, na kuwafanya waitane ndugu, hakukuwa kazi ndogo. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililofanywa na chama kile. Walikutana, walisoma, walicheza mpira, na walitetea hali za watumishi mbele ya Serikali kwa barua za adabu.

Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza mbele ya vizazi vilivyofuata. Nilipokuwa Chuo Kikuu, tulizoea kuwazungumza makarani hawa kwa dharau: watu wa "ndiyo Bwana". Ni kweli kwamba Kayamba hakuwa mwasi. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliopelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wenzake walikuwa Chifu Makwaia wa Usiha na Bwana Francis Lwamgira wa Bukoba. Habari za safari ile aliziandika katika kitabu, na mwaka uliofuata akahamishiwa makao makuu ya Serikali Dar es Salaam, cheo ambacho hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amekifikia. Alipewa na nishani ya Mfalme.

Lakini tusisahau nini kilisemwa London. Mashahidi wale waliukataa muungano ambao ungeiweka Tanganyika chini ya kivuli cha walowezi wa Kenya. Walikataa kwa adabu, ila walikataa. Na hata hao waliokuja kuunda African Association Dar es Salaam mwaka 1929, chini ya Bwana Cecil Matola akiwa rais na Bwana Kleist Sykes akiwa katibu, walikuwa watu wa tabaka lile lile la walimu na makarani. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, na kutoka TAA ikazaliwa TANU tarehe 7 Julai, 1954. Mwaka mmoja kabla yake, 1953, Serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Serikali haikatazi kitu isichokiogopa. Waraka ule ni cheti kizuri kwa makarani.

Kasoro yao, naiona mahali pengine. Chama cha watumishi wa Serikali, kama jina lake lilivyotamka, kilikuwa cha watumishi wa Serikali. Kuli wa matishari hakuwa na nafasi humo. Mwezi Agosti, 1939, wakati makuli wa Tanga walipogoma kudai malipo bora na mgomo ukaenea mjini, walisimama kwa nguvu zao wenyewe. Aliyejua kuandika alikuwa upande mmoja wa mji, na aliyejua kugoma alikuwa upande wa pili. Ilipita miaka kumi na tano kabla ya wawili hao kuwa na kadi ya chama kimoja.

VILIPOKWISHA

Beni ilififia polepole kuanzia miaka ya 1930. Vijana walihamia katika mpira na dansi, na Tanga yetu, kama ilivyo kawaida yake, ikahamishia ushindani wake katika taarabu. Wazee wetu waliojua habari za Black Star na Lucky Star wanafahamu kuwa mashabiki wa vikundi hivyo walizikana, waliozana na kutukanana kwa nyimbo, kama Marini na Arinoti walivyofanya kabla yao. Chama cha makarani nacho kilipitwa na African Association, kisha na siasa za uhuru. Baada ya 1961 hapakuwa na sababu ya kuwa na chama cha watumishi "wa Kiafrika" katika Serikali ya Waafrika.

Kilichobaki Tongoni ni kaburi moja la udongo, lisilo na nguzo wala bakuli, nje kidogo ya makaburi ya wakubwa wa Mtang'ata. Kifimbo alizikwa nacho babu? La. Dini hairuhusu, na yeye mwenyewe alikataa. Ninacho mimi.

NASI JE?

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Wengi wenu mnajua kuwa mwaka jana alifariki mwenzetu mmoja tuliyeingia naye kidato cha kwanza siku moja. Alitoka shuleni akiwa kidato cha pili kwa kukosa karo, akawa mvuvi. Timu ya mpira ya mwaka wetu ilimtegemea yeye katika goli, na kombe lililo katika picha ya ukumbini alilidaka yeye. Watu wa nyumbani kwake walituletea habari, wakitumaini kuwa tungefika.

Kamati ilikutana. Mimi, kwa kuwa ni mtumishi wa Serikali na nimezoea kanuni, ndiye niliyeombwa kusoma katiba. Nikaisoma. Kifungu cha uanachama chasema "aliyehitimu", na kifungu cha rambirambi chasema "mwanachama aliyelipa ada". Nikasema mikono yetu imefungwa. Hakuna aliyenipinga, na kikao kikafungwa kwa sala. Hatukupeleka mtu, hatukupeleka hata kilo ya sukari.

Nilikuwa sahihi kwa katiba. Lakini katika kuandika makala haya nimeikumbuka ile barua iliyoandikwa juu ya goti. Hakuna katiba ya Marini iliyomtaka karani yule kuandika barua kwa ajili ya mjane wa Arinoti. Hakuna kanuni ya chama cha makarani iliyomtaja kuli. Nami, kitukuu wa kuli yule, niliyesomeshwa hata nikapata kalamu, nilipopewa nafasi ya kuitumia niliitumia kupigia mstari neno "aliyehitimu".

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili, nayo yatafikishwa rasmi mbele ya mkutano mkuu wa mwaka huu. Kwanza, kifungu cha uanachama kibadilishwe kisomeke "aliyepata kuwa mwanafunzi", kwa muda wowote ule. Pili, mfuko wa rambirambi utengewe fungu dogo lisilotegemea ada, ili kamati iweze kuwafikia wafiwa kabla ya kufungua vitabu. Najua hoja ya Mweka Hazina, kwamba fedha hazitoshi. Ni hoja ya kweli. Arinoti nao hazikuwatosha, ila walianza na sanda, madeni wakayahesabu baadaye.

Mwezi uliopita nilikwenda peke yangu kwa wafiwa. Mama wa marehemu alinipokea vizuri, akanikaribisha chai, akaniuliza habari za wenzangu mmoja mmoja kwa majina ya utani ya shuleni. Anayajua yote, kwa kuwa mwanawe hakuacha kutusimulia. Hakuniuliza kwa nini tulichelewa. Nilipoaga aliniomba picha ile ya timu, kama inapatikana nakala. Nimekwisha kuitengeneza. Wanaotaka kufuatana nami kuipeleka tuonane Jumapili baada ya mkutano, mbele ya lango la shule, saa tatu asubuhi.